Salamu za Bi Nyevu

Makadara, Mombasa
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwako Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo, Baba. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, na kile kikohozi cha vumbi la malori kilichokusumbua mwezi wa Ramadhani kimekwisha. Je, baridi ya Malaba umeizoea? Wenzako mnaokaa nao hawajambo? Yule Tom anayekoroma, bado anakoroma? Sisi huku hatujambo, twamshukuru Mungu. Mama hajambo na anakusalimu. Mdogo wangu Mung'aro hajambo, ameng'oka jino la mbele na sasa kila akisema "sisi" hupuliza kama birika. Nyanya naye anakusalimu. Salamu zake nimeziweka mwisho wa barua kwa sababu nataka uzisome baada ya mengine yote. Nakuomba usiruke ukurasa.

Najua utajiuliza kwa nini barua na simu zipo. Baba, wanijua. Nikishika simu maneno hunikwama, nawe husema, "Dama, sema basi, salio laisha," hapo nami huisha kabla ya salio. Tena simu yetu ya Ijumaa twazungumza sote mkekani, spika imewekwa, Nyanya yupo, Mama yupo, na Mung'aro anataka kukusomea herufi. Kuna mambo hayasemeki kwenye spika. Chengo, yule dereva wa lori, amesema kesho anapakia kontena Kilindini kisha aja huko mpakani kwenu, basi barua hii nitampa mkononi.

Habari za shule ni njema. Kiswahili nimekuwa wa pili, na hesabu nimepita, japo si kwa kishindo. Jumamosi asubuhi bado nakwenda maktaba. Mama amenunua karai kubwa zaidi, na viazi vyake vinapendwa sana na wenye tuktuk, mpaka wengine huzima injini kabisa wakakaa wakala huku abiria wakilalamika.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Ijumaa iliyopita, simu ya mkekani ilipokwisha, ulimpigia Mama ukamwambia kwamba shule zikifungwa Nyanya apelekwe shambani akapumzike, akae katika nyumba yake, na binamu zako watakuwa wakimchungulia. Ulisema umemuuliza mwenyewe naye amekubali. Mama hakujibu kitu. Baba, nakuomba usidhani kunyamaza kwake ni kuridhika. Mke wa mwana hana namna ya kusema kwamba mama mkwe wake ni mgonjwa wa akili. Akisema hivyo, watu watasikia kwamba amemchoka. Kwa hivyo nasema mimi, ambaye ni damu yake, na ukiona nimevuka adabu unikanye mimi, usimkanye Mama. Nyanya asipelekwe shambani. Hii ndiyo haja yangu yote, na yanayofuata ni sababu zake.

Mama alikwambia kwamba Nyanya alipotea Biashara Street, nawe ukacheka ukasema mtu hawezi kupotea mahali alipopindia leso tangu wewe hujazaliwa. Sisi pia tulicheka kidogo. Alikuwa ameingia katika lile duka la zamani, ambalo siku hizi linauza vifuniko vya simu, akawa adai kiti chake na mkasi wake. Kijana wa dukani alimpa soda, akampakia kwenye tuktuk akamleta mpaka mlangoni. Nyanya alishuka kama malkia, akamshukuru, akamwombea dua apate mke mwema. Mama akasema ni jua. Mimi nikasema ni jua.

Lakini alipokwenda kupima presha, muuguzi alimuuliza maswali mawili matatu kisha akatutuma chumba cha pili, kwa madaktari wa akili za wazee. Huko ndiko tulikomkuta Daktari Wekesa.

Daktari Wekesa ni mtu wa Bungoma, mrefu kama nguzo ya stima, na mpole. Yeye ni daktari kamili wa maradhi ya akili, lakini amerudi darasani kusomea ubingwa wa wazee peke yao. Mimi sikujua kama kuna masomo ya namna hiyo. Alinieleza kwamba mwili wa mzee ni kama nyumba za huku kwetu Mji wa Kale. Ukiona maji ukutani huwezi kusema papo hapo yametoka wapi. Huenda ni dari, huenda ni bomba la jirani, huenda ni chumvi ya ukuta wenyewe. Mzee akisahau huenda ni masikio, huenda ni dawa anazomeza, huenda ni damu, huenda ni huzuni. Mwanafunzi hufundishwa kubisha milango hiyo yote kwanza, ndipo aruhusiwe kutaja ugonjwa.

Mwalimu wake ni Daktari Zein, mzee wa hapa hapa mjini, ndevu nyeupe, viatu vya ngozi vinavyolia kila akipiga hatua. Wanafunzi wake wanamcha kama sisi tunavyomcha mwalimu wa hesabu. Sharti lake ni kwamba kila mwanafunzi achukue mzee mmoja na kumfuata nyumbani kwake, anywe chai yake, akae kwenye mkeka wake, kwa sababu mzee akiwa juu ya kitanda cha hospitali ameshapotea hata kama hajapotea. Mzee wa Daktari Wekesa akawa Nyanya, Bi Nyevu kwenye karatasi zake.

Siku ya kwanza alipokuja, Nyanya alikuwa barazani kama kawaida yake. Daktari aliinua mguu kuingia ndani akagonga paji la uso kwenye kizingiti cha juu mpaka taa ikatikisika. Nyanya akamwambia pole, kisha akamwambia mlango wetu ulijengwa na watu wenye adabu, wanaojua kuinama. Akanigeukia akaniuliza kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, huyu kwao alilishwa nini, mbolea? Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Tena Nyanya akaanza kumsalimu, nawe wazijua salamu zake. U hali gani mwanangu, wa nyumbani hawajambo, mama yu mzima, mvua zimenyesha kwenu, ng'ombe wapata majani, kazi yaendaje, waila vizuri nchi ya watu? Mwisho akamwita bwanangu, akataka kujua mahari yake yako wapi, maana hawezi kuolewa bure na mwanamume mrefu hivi ambaye shuka zitampungukia.

Daktari aliondoka na furaha. Alimwambia Mama mlangoni kwamba ameona wazee wengi, lakini mwenye akili iliyonyooka hivi ni nadra. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasema alhamdulillahi kimoyomoyo.

Mara ya pili alikuja na mwalimu wake. Wakakaa ukumbini, na Daktari Wekesa akatoa habari zake kwa kujiamini, kwamba mazungumzo ya mama huyu hayana kasoro. Daktari Zein akamuuliza, vyema, amekwambia nini? Ana watoto wangapi? Alizaliwa wapi? Leo amekula nini? Daktari Wekesa akatazama karatasi zake akazigeuza upande wa pili, kama mimi nifanyavyo nikiitwa ubaoni. Hapakuwa na kitu. Yeye ndiye aliyekuwa amesimulia, habari za mama yake na ng'ombe wa kwao na mvua. Nyanya hakuwa amesema hata neno moja juu ya maisha yake mwenyewe. Daktari Zein akacheka kwa upole, akamwambia, "Wekesa, wewe umesalimiwa. Hujajibiwa."

Baba, maneno hayo yaliniuma. Lakini Daktari Zein hakuwa akimdhihaki. Alisema adabu ya mji huu ni kanzu pana, aliyekonda na aliyenenepa wote wanaonekana sawa ndani yake. Akasema mama yake mzazi alimsalimu namna hiyo kila asubuhi mwaka mzima, naye, mwalimu wa maradhi haya haya, alikunywa kahawa yake akatoka kwenda kuwatibu mama za watu wengine. Baada ya hapo viatu vyake vikalia kidogo chini ya kiti.

Mimi nilikasirika. Nilijiambia hawa ni watu wa vitabu, hawamjui Nyanya. Na nilipata nafasi ya kumtetea. Alhamisi moja Daktari Wekesa alichelewa, magharibi ikawa imeshaadhiniwa alipomuuliza Nyanya leo ni siku gani. Nyanya akasema ni Ijumaa. Nikamwona daktari akiandika alama ya kosa. Nilitoka nyuma ya pazia nikamwambia kwamba kwetu jua likishatua siku imekwisha, na huu ni usiku wa Ijumaa, kwa hivyo Nyanya amepata. Daktari akafuta, akanishukuru, akasema angerudi kwao bila kulijua hilo. Nililala vizuri sana siku ile.

Juma lililofuata Daktari Zein alikuja asubuhi, akakaa naye barazani, akazungumza naye Kimvita, polepole, kama mtu na shangazi yake. Hakumuuliza Januari wala Februari. Alimuuliza kwa hesabu yetu sisi, tuko mfunguo gani, yaani mwezi wa ngapi tangu Idi, na Ramadhani imepita au yaja. Nyanya akatabasamu, akamshika mkono, akamwambia, "Siku zote ni za Mungu, mwanangu." Jibu zuri kabisa. Jirani yetu aliyekuwa akipita alisema amina. Mimi peke yangu nilikuwa nimesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza nililisikia lile jibu vile lilivyo, kwamba halikuwa jibu.

Tangu siku hiyo nilianza kusikiliza. Mung'aro, ambaye hana haya, alimuuliza, "Nyanya, mimi ni nani?" Nyanya akamjibu, "Wewe ndiwe mwizi wa tende zangu." Sote tulicheka, naye Mung'aro akakimbia na tende. Nilikaa nikafikiri kwamba yeyote angeweza kuambiwa hivyo. Mama kila mgeni akija husema kwa sauti kabla Nyanya hajageuka, karibu mama fulani, karibu bwana fulani. Nilidhani ni ukarimu. Sasa najua Mama alikuwa ameshaona zamani, naye alikuwa akimwekea Nyanya majina mbele yake kama mtu anayemwekea kipofu vitu njiani pasipo kumwambia.

Usidhani madaktari walikimbilia kusema. Walibisha milango yote, Baba, nami nilikuwa nikiomba kila mlango ufunguke. Masikioni walimtoa nta nyingi, na jioni ile alisikia adhana akasema leo muadhini amekula asali, nasi tukafurahi tukadhani imekwisha. Daktari Wekesa alimwaga mfuko wa dawa za Nyanya kwenye sinia, akakuta vidonge vya usingizi alivyopewa zamani na duka la dawa, akavipunguza kidogo kidogo mpaka vikaisha. Walipima damu. Walipima mkojo. Walimuuliza juu ya huzuni, kama hulia, kama hula, kama hulala, kama huona heri asingekuwapo. Alisema yeye huzuni yake ni moja tu, kwamba siku hizi samaki hawana ladha. Milango yote ikabishwa, na Nyanya akabaki vile vile.

La mwisho walilitazama mikononi mwake. Daktari Zein aliuliza kazi yake ilikuwa gani, Mama akamwambia. Mama mwenyewe alikuwa amenunua leso mpya, bado haijakatwa, jozi moja kama itokavyo dukani. Wakampa Nyanya na mkasi na sindano. Baba, ungemwona! Alipitisha uzi bila miwani. Akakunja ukingo kwa kidole gumba akaupinda, mishono midogo iliyonyooka kama ya cherehani. Daktari Wekesa alisogea karibu kama mtoto. Ndipo Nyanya akachukua mkasi akaitandaza leso mapajani kutafuta mahali pa kuitenganisha. Mtu yeyote anajua hapo, hata Mung'aro, ni pale pindo mbili zinapokutana. Nyanya aliipapasa, akaipapasa tena, kisha akakata katikati ya leso moja, akalipasua jina, yale maandishi ya leso, nusu kwa nusu. Akaendelea kupinda huku akiimba kidogo. Mama alienda jikoni akawasha moto ambao hakuwa na cha kuupikia.

Siku waliyotuambia, Daktari Zein hakusema kitu. Alikaa kando tu, kwa sababu hata kuwapa watu habari ni somo, na mwanafunzi ndiye anayepaswa kulifanya. Daktari Wekesa alikuwa na karatasi mkononi. Lakini aliiweka chini, akamwambia Nyanya mwenyewe kwanza, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, kwamba habari ya mtu ni ya mwenyewe kabla haijawa ya jamaa zake. Alimwambia kwamba ana ugonjwa wa kusahau, wa ubongo, si laana wala si uzee mtupu, na kwamba hauna dawa ya kuuondoa, ila upo msaada wa kuishi nao vizuri. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya mwanangu. Nikisahau mtanikumbusha. Na nikisahau kwamba mmenikumbusha, mtanivumilia." Halafu akauliza kama daktari ameshakunywa chai.

Daktari Wekesa alitueleza kwamba ugonjwa huu humla mtu kwa mpangilio. Huanza na yaliyo mapya, huacha yaliyozoeleka. Nyanya anaishi kwa miguu yake kuijua njia ya choo, mkono wake kulijua bomba, masikio yake kuujua msikiti, watu wa mtaa kumjua yeye. Tukimhamisha, hivyo vyote tutakuwa tumevikata kwa siku moja. Nyumba ya shambani aliiacha akiwa angali msichana, Baba, wewe ndiye uliyeijenga upya, hata mlango wake uko upande mwingine. Na hao watakaomchungulia, watachungulia saa ngapi? Wewe mwenyewe ulitusimulia juu ya yule mzee jirani wa huko, aliyeanza kutembeatembea akisema peke yake, vijana wakamwita mchawi, akakimbia nyumba yake. Ulisimulia kwa sauti ya chini ukidhani nimelala. Nyanya ameanza kusema peke yake. Hapa mtaani wakimsikia humwitikia.

Daktari alitaka kukupigia simu. Aliuliza mwenye neno la mwisho nyumbani ni nani, tukamwambia ni wewe. Mama akamsihi asipige, kwa sababu ile niliyokwisha kukutajia. Nikasema nitaandika. Daktari Zein alinitazama, mara yake ya kwanza kunitazama kweli, akasema basi niandike kama nilivyoona, nisiongeze chumvi wala nisipunguze, na lile gumu nisilifiche. Juzi nilikuta bahasha mpya juu ya vitabu vyangu. Mama hajaniuliza ni ya nini, nami sikumuuliza imetoka wapi.

Sasa lile gumu.

Baba, najua kwa nini huamini. Kila Ijumaa baada ya swala wapiga simu, na Nyanya anazungumza nawe kwa furaha, sauti yake imesimama, hakosi neno. Nisingekuwa naishi naye hata mimi nisingeamini. Ijumaa iliyopita Daktari Wekesa alikuwa amekaa nasi mkekani, na kwa kuwa simu ilikuwa kwenye spika, sote tulisikia. Nyanya alikuuliza, u hali gani mwanangu? Wa nyumbani hawajambo? Kazi yaendaje, wapata riziki? Mvua zimenyesha huko? Ukamwambia zimenyesha, akasema alhamdulillahi. Ukamuuliza kama angependa kwenda shambani kupumzika, akasema, "Inshallah mwanangu, upendavyo wewe." Ukafurahi. Akakuombea dua ile ndefu, ya kuepushwa na shari ya njiani na shari ya watu, nawe ukaitikia amina kila mahali pa kuitikia. Kisha ukaaga.

Nyanya akanipa simu. Uso wake ulikuwa na nuru, Baba, nataka ujue hilo. Alikuwa amefurahi kwelikweli. Akaniuliza, "Yule kijana ni nani? Ana adabu sana. Mamake amemlea vizuri."

Nilimwambia, ni Kahindi, Nyanya, ni mwanao. Akasema, "Ah, ndiye?" kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa jina la mgeni. Daktari Wekesa alitazama chini. Mama akaondoka na sinia ya vikombe, na vikombe vilikuwa bado vina chai.

Sikuandika haya ili nikuumize. Nimeandika kwa sababu ulisema Nyanya amekubali, na ilibidi ujue kwamba alichokubali ni adabu ya kijana mmoja kwenye simu. Angemkubalia hivyo hivyo mwuza maji.

Tumekwisha kupanga, linangojwa neno lako tu. Mama atahamishia karai lake hapa mlangoni, wateja watafuata harufu. Mimi nikitoka shule nakaa naye, nasoma kwa sauti, hupenda kusomewa hata akiwa hafuati. Daktari Wekesa atakuwa akija mpaka masomo yake ya hapa yaishe, na baada yake atakuja mwanafunzi mwingine. Daktari Zein amesema nyumba yetu sasa ni darasa, na Nyanya ndiye mwalimu. Nyanya alipoambiwa hivyo aliuliza mshahara.

Na wewe uje, Baba. Omba ruhusa hata ya siku chache. Ukifika usimuulize, "Mama, wanijua?" Daktari amesema swali hilo ni kama kumvua mtu nguo mbele za watu. Kaa kwanza. Mshike mkono, umwambie mwenyewe, mimi ni Kahindi mwanao, nimetoka safari. Halafu mwache akusalimu. Nami nimejifunza kuzipokea hizo salamu bila kuzipima. Kila asubuhi huniuliza kama wa nyumbani kwetu hawajambo, nami humwambia hawajambo, Nyanya, wote wazima, wanakupenda.

Nimeandika mengi kuliko niliyowahi kusema tangu unizae. Msalimu Tom, mwambie alale ubavu. Wasalimu wenzako wote. Mama anakusalimu sana na anasema utunze kifua. Mung'aro anakusalimu, anataka umletee lori la kuchezea lenye kontena linalofunguka.

Na hizi ndizo salamu za Nyanya nilizokuahidi. Sasa hivi yuko hapa kando yangu, anapinda kitambaa cha meza. Ameniuliza namwandikia nani kwa bidii hivi. Nimemwambia, Baba, yule kijana wa simu ya Ijumaa. Ameweka sindano chini akatabasamu, nami nayaandika maneno yake kama yalivyotoka: "Mwambie namsalimu sana, na asafiri salama. Na akifika kwao, anisalimie mamake."

Salamu hizo nimezifikisha. Njoo uzijibu.

Mwanao akupendaye,
Dama Kahindi